Mabuje

Juni hii Mbeya imekaza meno.
Loleza umejifunika gubigubi,
nami nimevaa makoti mawili ndani ya nyumba
nikiandika mwili wa mtu kwa herufi.

S ni chembe nzima, bado hazijaguswa.
V ni kirusi kinachokula askari.
B ni kile cha ini,
mpangaji asiyepiga kelele wala kuhama.
Halafu kuna k,
herufi ndogo niliyoichomeka katikati yao:
kiasi ambacho mmoja humfungulia mwenzake mlango.
Thamani ya k haimo kitabuni.
Nimeipa sifuri, nikaipa nusu, nikaipa mbili;
kila nikiibadilisha
mtu yuleyule hufa tarehe nyingine.

Mama akanikuta mezani.
"Anyisile, hapo unapika nini?"
Nikamweleza: tunachukulia damu imekorogwa sawasawa,
kila kirusi chaweza kukutana na kila chembe,
kama vile Mwanjelwa nzima ingepeana mikono kabla ya adhuhuri.
Alicheka hadi mwiko ukamdondoka.
"Ugali nausonga mwaka wa arobaini huu
na bado una mabuje.
Sembuse mtu."

Nikaandika pembeni, kwa penseli: mabuje.

Takwimu zangu zinatoka zahanati moja njia ya Tukuyu.
Wagonjwa ishirini na wanne, hawana majina.
Namba kumi na saba ananinyima usingizi.
Wiki ya nne, ya nane, ya kumi na mbili, V inashuka
kama lori la viazi likitoka Isongole kwa gia ya kwanza.
B nayo imelala. Dawa ileile inawabana wote wawili.
Wiki ya ishirini: tupu.
Ishirini na nne: tupu.

Kompyuta haijui utupu ni nini.
Inachora tu, mkunjo laini wa buluu,
unaruka pengo bila kujikwaa,
wiki ya arobaini, wiki ya mia,
mzima wa afya, mtu wa wino.

Nikampigia nesi Tusajigwe.
"Huyo? Mvua ya Aprili iliondoka na daraja,
na ile ndiyo wiki yake ya kuchukua dawa.
Vijana wanavusha watu mgongoni, shilingi mia tano.
Wenye ndizi za kuuza wanavuka.
Wenye kadi za kliniki wanaona haya
kubebwa na mtu atakayewauliza wanakwenda wapi."

Nikaondoa dawa kwenye mlinganyo.
Si kazi kubwa. Unafuta herufi moja.
V ikapanda upesi, kama nilivyojua,
lakini V huua kwa miaka.
Ni B, yule mpole, ndiye aliyeamka na ini likawaka,
na waliobeba kiberiti
ni askari walewale tuliowaponya kwa dawa.
Siku hamsini.
Nikagusa k: thelathini na nane.
Nikagusa tena: sabini.
Tangu daraja liende: arobaini na moja.

"Sina hakika," nikamwambia Tusajigwe,
"kuna herufi moja siijui."
"Mimi sikuulizi herufi. Nakuuliza, ni leo?"
Nikatazama mkunjo. Nikatazama dirishani, ukungu.
"Ni leo."
Kabla hajakata nilimsikia akiita uani:
"Gwamaka! Pikipiki yako ina mafuta?
Na kuogelea unajua?"

Mwisho wa Julai imekuja namba ya kumi na saba.
Nukta moja.
Haikukaa juu ya mkunjo wangu,
wala haikukaa mbali nao;
iko pembeni, chini kidogo, kaidi,
buje.

Nimeiacha hapohapo.